Mganga, Tabibu na Daktari: Historia ya Majina ya Kazi za Tiba katika Kiswahili

Msomaji wa Kenya anapokutana kwa mara ya kwanza na taarifa ya serikali ya Tanzania iliyotiwa sahihi na "Mganga Mkuu wa Serikali", huenda akasita kidogo kabla ya kuendelea. Mwenye cheo hicho ni daktari aliyehitimu chuo kikuu, naye ndiye mkubwa wa madaktari wote walio katika utumishi wa umma nchini humo. Kwa msomaji wa Nairobi, hata hivyo, neno mganga humkumbusha vibao vilivyopigiliwa misumari kwenye nguzo za umeme, vinavyoahidi kumrudisha mume aliyetoroka na kupata kazi iliyopotea. Neno ni moja, lugha ni moja, na mpaka kati ya nchi hizi mbili huvukwa kwa basi kila siku. Hitilafu hii haiwezi kuelezwa kwa kusema tu kwamba watu wa pande hizi mbili wana mazoea tofauti ya usemi. Chanzo chake ni historia: nani aliyefunzwa tiba, alifunzwa kwa muda gani, na nani aliyekuwa na mamlaka ya kumpa jina. Makala haya yanakusudia kuifuatilia historia hiyo, na hoja yake kuu ni kwamba majina ya kazi za tiba katika Kiswahili yalihama hatua kwa hatua kutoka katika kutaja kitendo cha mtu hadi kutaja cheo chake. Katika kuhama huko mafunzo yenyewe yakafichika.

Yafaa kuanza na mganga, kwa kuwa ndilo jina kongwe kuliko yote. Mzizi wake umeenea katika sehemu kubwa ya lugha za Kibantu, kutoka Kongo hadi kusini mwa bara. Katika Kiswahili kitenzi ganga kina maana ya kutibu, na pia ya kufunga na kuunga kilichovunjika. Kutokana nacho limepatikana gango, yaani kiungio cha kushikizia kitu kilichopasuka au kuachana. Methali zimekihifadhi kitenzi hiki hata pale ambapo mazungumzo ya kila siku yamekiacha: mganga hajigangi, na yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mganga, basi, ni mtu agangaye. Majina mengine ya zamani yaliundwa kwa namna hiyohiyo. Mwaguzi ni yule aaguaye, yaani atazamaye na kueleza chanzo cha ugonjwa. Mzalishi huzalisha. Mpiga chuku alifyonza damu kwa pembe, na inasikitisha kidogo kwamba leo sifa yake imebaki kwa watu watiao chumvi katika habari zao. Kila jina lilimweleza mgonjwa atakachofanyiwa. Habari za mafunzo hazikuhitaji kutiwa ndani ya jina, kwa sababu kijiji kizima kilijua fulani alirithi kazi kwa nani, alimfuata nani porini kuchimba mizizi, na alikaa kwa mwalimu wake miaka mingapi kabla ya kuruhusiwa kutibu peke yake.

Juu ya tabaka hilo la Kibantu liliwekwa tabaka la Kiarabu. Humo lugha ilipata dawa, tiba, kitenzi tibu na jina tabibu. Katika mashairi na tenzi za mwambao tabibu ni neno la heshima na la elimu; hunukia vitabu. Wafasiri wa Biblia nao walilichagua hilo kwa Mwinjili Luka, wakamwacha mganga, na uchaguzi huo ulikuwa na uzito kwa kizazi kizima cha wasomaji waliojifunza kusoma katika shule za misheni. Lipo pia neno la Kiarabu ambalo lingeweza kuwa jina la kazi hii lakini halikufaulu. Kiarabu kina hakīm, yaani mwenye hekima na kwa hivyo tabibu, na kina hākim, yaani mtawala au kadhi. Tofauti ya maneno hayo mawili imo katika urefu wa irabu. Kiswahili hakitofautishi irabu ndefu na fupi kwa njia hiyo, na mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivi kwamba maneno yote mawili hayangekuwa na budi kuwa hakimu. Mahakama iliposhika hakimu wake, hospitali ilibaki na tabibu. Bara Hindi, ambako hakim bado ni mtibu wa Kiyunani, halikukumbwa na mgongano huo.

Bara Hindi lahusika pia na neno la tatu. Kamusi kwa kawaida husema kwamba daktari limetokana na Kiingereza, na kwa asili ya mbali kauli hiyo ni sahihi. Lakini irabu ya silabi ya kwanza yahitaji kuelezwa. Neno la Kiingereza likichukuliwa moja kwa moja lingetarajiwa kutoa dokta, na kwa hakika dokta lipo, nalo limeingia baadaye. Irabu a ya daktari yafanana zaidi na matamshi ya Kihindi na ya lugha nyingine za Bara Hindi. Haitakuwa ajabu kwamba neno lilipitia huko. Wahudumu wengi wa tiba waliofanya kazi katika idara za serikali za Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, na kabla ya hapo katika ujenzi wa reli kati ya mwaka 1896 na 1901, walikuwa Wahindi waliofunzwa kwao na kuajiriwa kama wapasuaji wasaidizi wa ngazi ya chini. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi watu wa kwanza kuitwa daktari mbele ya wagonjwa wengi wa bara hawakuwa na shahada kamili ya udaktari, na utata unaolalamikiwa leo ulizaliwa pamoja na neno lenyewe.

Kuanguka kwa mganga nchini Kenya kulisaidiwa na sheria. Sheria ya uchawi ya Kenya ya mwaka 1925, na ile ya Tanganyika ya mwaka 1928, zilitungwa na watu ambao Kiingereza chao kilikuwa na neno moja lililomchanganya mtibu na mchawi. Neno hilo lilipotafsiriwa katika Kiswahili, mara nyingi likawa mganga. Hivyo mtu ambaye katika mawazo ya wenye lugha alikuwa adui wa mchawi akaingizwa katika zizi moja naye. Baadaye alilazimika kuongezewa kivumishi ili atambulike: mganga wa kienyeji, mganga wa jadi, mganga wa asili. Kivumishi kienyeji hakina matusi ndani yake, lakini nchini Kenya kimezoeleka zaidi kwa kuku. Tanzania, ilipotunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala mwaka 2002, ilikikwepa.

Lakini ikiwa sheria zilifanana, mbona mganga alibaki ofisini Dar es Salaam akafukuzwa Nairobi? Jibu lielekealo kuwa na nguvu ni la matumizi ya lugha katika utawala. Tanganyika ilirithi kutoka kwa Wajerumani utawala wa ngazi za chini ulioendeshwa kwa Kiswahili, na Waingereza wakauendeleza. Kila cheo kilihitaji jina la Kiswahili la kuandikwa katika barua, na mganga ndilo lililokuwepo. Nchini Kenya vyeo viliandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kiliachiwa ukumbi wa kungojea na foleni ya dawa, na hakuna aliyekitaka kitaje cheo chochote kwa usahihi. Mifano ya majirani yaonyesha kwamba anguko hilo halikuwa la lazima. Katika Rwanda na Burundi umuganga ndiye daktari wa hospitali. Katika Kiswahili cha Kongo munganga ni huyohuyo, aliyevaa koti jeupe. Mzizi uliodharauliwa mahali pamoja ulipewa kiti cha mbele mahali pengine.

Tabaka linalofuata ndilo lenye mafunzo rasmi, na ndilo lililoleta majina ya vyeo. Ngazi yake ya chini ilikuwa dresa, jina lililotoholewa kutoka neno la Kiingereza la mtu afungaye vidonda. Madresa wa kwanza walijifunza kazi kwa kuitenda katika hospitali za misheni, na Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikawahitaji kwa wingi kuwahudumia wapagazi wa jeshi. Mwaka 1926 idara ya tiba ya Tanganyika chini ya J. O. Shircore ilianzisha mpango wa madresa wa kikabila, ambao walifunzwa kwa muda mfupi kisha wakarudishwa kwao kusimamia zahanati zilizogharimiwa na serikali za wenyeji. Dresa, kwa hiyo, lilikuwa bado jina la kitendo, ingawa ni la kigeni. Mgonjwa alijua kwamba dresa hufunga kidonda. Asichokijua ni kwamba katika zahanati iliyo mbali na hospitali dresa huyohuyo alipima, alikata shauri na alitoa dawa, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Kisha likaja neno ambalo limeacha alama kuliko mengine yote, nalo ni msaidizi. Huko Mulago, karibu na Kampala, mafunzo ya tiba ya Makerere yalianza katika miaka ya 1920, yakawa ya juu kuliko yote yaliyokuwa wazi kwa Mwafrika katika Afrika ya Mashariki. Nairobi nayo ilianza kufunza wasaidizi wa hospitali mwishoni mwa miaka hiyo. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya huhesabu mwaka 1927 kuwa mwaka wa kuanzishwa kwake. Mafunzo haya mawili hayakuwa sawa hata kidogo, kwa urefu wala kwa kina. Mhitimu wa Mulago alisoma tiba na upasuaji kwa miaka mingi. Hata hivyo wote wawili waliitwa wasaidizi, mmoja msaidizi wa hospitali na mwingine ofisa msaidizi wa tiba, na wote wawili walisimama chini ya Mzungu aliyeitwa ofisa wa tiba bila kiambishi wala kivumishi. Msaidizi hapa halikupima elimu. Lilipima rangi ya ngozi, na mshahara ulifuata jina. Ni mwaka 1957 tu ambapo Baraza Kuu la Tiba la Uingereza liliutambua udaktari wa Makerere, na kwa kutambuliwa huko msaidizi alivuliwa jina lililokuwa limemganda tangu ukoloni wa mwanzo, ingawa magonjwa aliyoyatibu siku iliyotangulia na siku iliyofuata yalikuwa yaleyale.

Baada ya uhuru vyuo vya tiba viliongezeka. Dar es Salaam ilipata shule yake mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kitivo chake mwaka 1967. Sasa ilionekana kana kwamba kipimo cha rangi kimeondoka na kipimo cha elimu kimechukua nafasi yake, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa. Lakini neno msaidizi halikuondoka. Lilishuka tu ngazi moja, likawaangukia wale ambao hawakupitia chuo kikuu. Kisa chao chastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu hao ndio wanaotibu sehemu kubwa ya wagonjwa vijijini.

Nchini Kenya msaidizi huyo aliitwa kwanza msaidizi wa hospitali, kisha msaidizi wa tiba, na hatimaye jina la Kiingereza likabadilishwa kuwa lile ambalo Kiswahili kimelitafsiri kama afisa wa kliniki. Sheria ya mwaka 1988 ilimpa baraza lake la kumsajili, na sheria ya mwaka 2017 ikachukua nafasi ya hiyo. Mafunzo yake ya kawaida ni stashahada ya miaka mitatu na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini chini ya usimamizi. Wengine huongeza stashahada ya juu katika fani kama macho, watoto au nusukaputi, na katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vimeanza kutoa shahada ya kwanza katika kazi hiyo. Daktari wa Kenya, kwa upande wake, husoma miaka sita na kufanya mwaka wa mazoezi. Lau jina afisa wa kliniki lingesikilizwa na mtu asiyejua Kiingereza, lingemweleza nini? Afisa ni cheo cha ofisi. Kliniki, katika matumizi ya akina mama wengi, ni mahali pa kupeleka mtoto kupimwa uzito na kuchanjwa. Jina lote halina kitenzi cha kutibu ndani yake, na mtu aliye nalo hutibu kutwa. Basi haishangazi kwamba mgonjwa hulipuuza akamwita daktari. Hadanganywi na mtu. Lugha haikumpa jina jingine lenye maana.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Ililirudia neno la tenzi na la Injili, ikampa mhudumu wa ngazi hii jina la tabibu. Katika miundo ya utumishi ya nchi hiyo ngazi zimepangwa kwa majina ya Kiswahili kitupu: tabibu msaidizi, tabibu, daktari msaidizi, daktari. Tabibu ni mwenye stashahada. Daktari ni mwenye shahada ya miaka mitano na mwaka wa mazoezi. Kwa mtazamo wa uundaji wa istilahi mpango huu una sifa kubwa, kwani majina mawili yaliyokuwa visawe yamegawiwa maana mbili, na kila moja linatamkika na kukumbukika. Lakini una gharama yake. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa kwamba tabibu na daktari ni visawe, na kamusi zilizo mezani pake humuunga mkono. Akisoma kwamba mgonjwa fulani wa Kigoma alipelekwa kwa tabibu, ataona daktari wa chuo kikuu mahali pasipo na daktari kwa kilomita nyingi. Magazeti ya Kenya yenyewe hutumia matabibu, mara kwa maana ya madaktari wote, mara kwa maana ya maafisa wa kliniki, na msomaji huachiwa kukisia.

Daktari msaidizi wa Tanzania anaonyesha vizuri zaidi udhaifu wa neno msaidizi. Mafunzo yake, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960, yalimchukua tabibu mwenye uzoefu akaongezewa miaka miwili, pamoja na upasuaji wa dharura. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu mikoa ya Mwanza na Kigoma ulionyesha kwamba sehemu kubwa sana ya upasuaji wa wazazi huko ilifanywa na watu wa cheo hiki. Mtu anayempasua mzazi usiku wa manane katika hospitali ya wilaya isiyo na daktari mwingine anamsaidia nani? Jina laeleza mahali pake katika orodha ya mishahara. Halielezi mkono wake.

Upande wa uuguzi hadithi ni fupi zaidi, ila ina fundo lake. Kuuguza ni kazi ya kila nyumba. Mama humuuguza mwana, na mke humuuguza mume. Lugha ilipotafuta jina la Kiswahili la nesi, ilikichukua kitenzi hicho cha nyumbani ikaunda muuguzi, ambalo wengine bado huliandika mwuguzi. Faida yake ni kwamba limeeleweka mara moja. Hasara ni kwamba limeifanya elimu ya miaka mitatu ionekane kama wema wa moyo tu, jambo ambalo wenye kazi hiyo wamelalamikia si mara moja. Huenda ndiyo sababu Tanzania ikaongeza afisa mbele ya jina: afisa muuguzi ni mwenye shahada, afisa muuguzi msaidizi ni mwenye stashahada, na muuguzi bila nyongeza ni mwenye cheti. Hapo msomaji wa kawaida hupotea kabisa, kwani msaidizi ameketi juu ya asiye msaidizi. Wagonjwa wa Kenya wamelikata fundo hilo kwa kusema sista, neno lililotoka kwa watawa wa misheni na kwa cheo cha wodi za Waingereza kwa pamoja, wakampa kila mwanamke mwenye sare.

Na mkunga je? Jina hili lilibaki na kitendo chake kwa muda mrefu kuliko mengine, mpaka serikali zilipoanza kumtofautisha aliyesoma na asiyesoma. Mkunga wa kijiji akawa mkunga wa jadi, kama vile mganga alivyokwisha kuwa mganga wa jadi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika ya afya yalimpa mafunzo mafupi na kumhesabu kuwa mwenzao. Kuanzia miaka ya 1990 siasa ya kimataifa ikageuka, ikataka kila mzazi azalishwe na mwenye mafunzo kamili. Neno mkunga halikubadilika hata herufi moja katika muda wote huo. Mwanamke aliyeambiwa katika miaka ya 1980 kwamba mkunga wake ametambuliwa, na aliyeambiwa miaka ishirini baadaye kwamba aende kwa mkunga, walisikia neno moja lenye maagizo mawili yanayopingana.

Kwamba mambo haya yana uzito nje ya kamusi kulionekana wakati wa mgomo wa madaktari wa Kenya uliodumu siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Redio zilitangaza kwamba madaktari wamegoma, na kwa watu waliozoea kumwita kila mwenye koti jeupe daktari habari hiyo ilikuwa na maana kwamba hakuna wa kutibu, ilhali mgomo huo ulikuwa wa wenye shahada ya udaktari na afisa wa kliniki hakuwa mmoja wao. Mwezi huohuo wa Machi serikali ya Kenya iliomba Tanzania impatie madaktari 500. Rais John Magufuli alikubali, kesi ikafunguliwa katika mahakama za Kenya kuzuia mpango huo, na Tanzania ikawaajiri yenyewe wale waliokuwa wameomba. Katika mjadala mzima uliofanywa kwa Kiswahili pande zote mbili za mpaka, neno daktari lilitumiwa kana kwamba kila mtu analielewa kwa namna moja.

Mkataba wa soko la pamoja la Afrika ya Mashariki umekuwa ukitumika tangu Julai 2010, na Kamisheni ya Kiswahili ya jumuiya hiyo ina makao yake Zanzibar. Kabla ya kuunda istilahi mpya za vyeo vya tiba, ingefaa ikusanye kwanza zile zilizopo, na kwa kila moja iandike mambo ambayo kamusi za sasa huyaacha: mwenye jina hili alisoma nini, kwa miaka mingapi, anaruhusiwa kutenda nini bila kusimamiwa, na katika nchi ipi. Chini ya tabibu patahitajika angalau maelezo matatu: la fasihi ya mwambao, la utumishi wa Tanzania, na la magazeti ya Kenya. Chini ya mganga patahitajika manne.